Nani Akate Pakiti? Kadi ya Mtandao, Kerneli na Njia Nyembamba ya Pemba

Picha moja ya eksirei ya kidijitali inaweza kufika megabaiti 20. Daktari wa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, akitaka mwenzake wa Mnazi Mmoja, Unguja, aitazame picha hiyo, kompyuta yake haiwezi kuipitisha kwenye waya ikiwa nzima. Fremu ya ithaneti hubeba mzigo usiozidi baiti 1,500, kikomo kilichotokana na viwango vya mwaka 1980 na ambacho mpaka leo hakijang'oka. Ukitoa nafasi ya vichwa vya IP na TCP pamoja na alama za muda, kila pakiti inabaki na baiti 1,448 za data yenyewe. Picha ile basi itakuwa pakiti 13,800 na ushei, kila moja na anwani zake, namba yake ya mfuatano na hesabu yake ya kukagua makosa.

Nani aikate? Zamani jibu halikuwa na ubishi. Aliyekata ni mfumo endeshi, yaani kerneli ya Windows au ya Linux, kwa nguvu ya prosesa. Kisha ikaja Windows 2000, na kwa upande wa Linux toleo la majaribio 2.5.33 la mwaka 2002, ikawezekana kerneli kuikabidhi kadi ya mtandao bonge zima la data, kadi ikate yenyewe. Watu wa Linux huiita mbinu hiyo TSO; Microsoft huiita LSO. Jambo ni lile lile. Leo uwezo huo umo katika kadi nyingi za gigabiti 1 na mara nyingi huwa umewashwa bila mtumiaji kuulizwa, hivyo mtu anaweza kufanya kazi ya kompyuta miaka kumi Chake Chake asijue kama upo.

Vitabu na miongozo mingi huishia hapo: prosesa imepunguziwa kazi, basi heri. Nadhani hesabu hiyo imefanywa na watu wenye njia pana. Ukikaa Pemba, ambako data nyingi hatimaye hupenya kwenye shingo ya redio ya mnara au bando la simu, swali la nani akate hupungua uzito, na la lini na wapi pakatwe huwa zito zaidi. Na huko ndiko mambo yanakoharibika.

Gharama ndiyo iliyozaa yote haya, kwa hiyo tuanze nayo. Kwa kerneli, pakiti fupi na pakiti ndefu hazipishani sana kwa kazi. Kila moja lazima itengewe nafasi katika kumbukumbu, iandikiwe vichwa, itafutiwe njia katika jedwali la ruti, ipitishwe kwenye kanuni za ukuta wa moto, ipangwe foleni, kisha ikabidhiwe draiva, ambayo nayo huandika mahali data ilipo ili kadi ije kuichukua. Kinachochosha ni idadi ya pakiti zaidi kuliko wingi wa baiti. Njia ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijaa fremu za ukubwa wa kawaida hupitisha pakiti 81,274 kila sekunde, ukihesabu na nafasi tupu kati ya fremu na fremu. Gigabiti 10 ni zaidi ya 812,000. Tuseme kila pakiti inakula mikrosekunde 2 za prosesa. Ni namba ya mfano tu, kwani prosesa hazilingani. Gigabiti 1 itachukua asilimia 16 ya kiini kimoja. Gigabiti 10 itataka kiini kizima na zaidi ya nusu ya cha pili, kabla seva haijafanya kazi yoyote ya maana.

Mtu atauliza kwa nini fremu zenyewe zisikuzwe. Zimewahi kukuzwa: vituo vya data hutumia fremu za baiti 9,000, na ndani ya jengo moja lenye mwenyewe mmoja hilo halina tabu. Lakini pakiti inayotoka Wete kwenda Frankfurt hupita mikononi mwa kampuni nyingi, kila moja na swichi zake, na inatosha mmoja wao abaki kwenye 1,500 ili wote wabaki hapo. Kwa kuwa dunia nzima haikuweza kukubaliana kukuza pakiti, wahandisi wakaamua kuidanganya kerneli iamini kwamba pakiti ni kubwa.

Udanganyifu wenyewe ni huu. Kerneli inaandaa pakiti moja ya bandia yenye hadi kilobaiti 64 hivi, na kichwa kimoja cha kuigiza. Pakiti hiyo inapita ngazi zote za kerneli mara moja tu: ruti moja, ukuta wa moto mmoja, foleni moja. Ikifika kwenye kadi, kadi inaikata vipande 45 hivi. Kwa kila kipande inanakili kichwa, inaongeza namba ya mfuatano wa TCP, inarekebisha urefu na kitambulisho cha IP, na inakokotoa upya hesabu ya kukagua makosa. Alama ya kufunga mazungumzo inawekwa kwenye kipande cha mwisho peke yake. Hakuna akili kubwa hapo. Kadi haijui kama pakiti iliyotangulia imefika au imepotea, na haina habari na kasi ya mtandao wala haitakiwi kukumbuka chochote ikishamaliza. Ujinga huo wa kadi ndio ulioiokoa mbinu hii, kwa sababu wakati huo huo ilikuwako mbinu ya pili iliyotaka kadi iwe na akili nyingi, na hiyo iliishia pabaya.

Mbinu ya pili ilitaka kazi nzima ya TCP ihamie kwenye kadi: kufungua mazungumzo, kukumbuka nani amejibu, kurudia kilichopotea, kuamua kasi. Kampuni ya Alacritech ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilikuwa miongoni mwa waliolipigania wazo hilo. Mwaka 2004 iliishtaki Microsoft kwa madai ya hataza, na mwaka uliofuata wakapatana. Microsoft waliuweka mfumo wa aina hiyo kwenye Windows Server 2003 kwa jina la Chimney. Haikuchukua muda wasimamizi wa seva wakajifunza kwamba ukiona muunganisho unakatika bila sababu, jambo la kwanza ni kuuzima. Baadaye Microsoft wenyewe wakauacha. Wasimamizi wa sehemu ya mtandao katika kerneli ya Linux waliukataa tangu mwanzo, na sababu zao naziona bado ni nzito. Kadi inayobeba TCP nzima ina programu yake ndani, iliyofungwa, na ikionekana na tundu la usalama unasubiri huruma ya mtengenezaji. Kanuni za ukuta wa moto na vipimo vya kerneli havioni kinachopita. Na kila mwaka prosesa inazidi kasi, wakati kadi uliyoinunua iko vile vile.

Jeffrey Mogul, mtafiti wa mitandao, aliliweka suala hili vizuri katika mkutano wa wataalamu wa mifumo endeshi mwaka 2003. Alikiri kwamba kuhamisha TCP nzima kwa ajili ya mitandao ya kawaida lilikuwa wazo baya lililoshindwa mara kwa mara, ila akaona huenda lingefaa kwa kazi maalumu za kuhifadhi data. Kwa taasisi ya Pemba inayonunua seva mbili tatu na kutarajia zidumu miaka kumi, sehemu ya kwanza ya kauli yake ndiyo yenye kazi.

Mwaka 2006 ulikuja mgeuko ambao kwangu ni muhimu kuliko kadi yoyote. Herbert Xu, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, aliona kwamba faida kubwa ya TSO haitokani na kadi kukata. Inatokana na pakiti bandia kupita ngazi za kerneli mara moja badala ya mara 45. Kama ni hivyo, ukataji unaweza kufanywa na programu vile vile, mradi tu ucheleweshwe hadi dakika ya mwisho, mlangoni mwa draiva. Mbinu yake, GSO, iliingia katika Linux 2.6.18 mwaka huo huo. Kadi ikiwa na uwezo, inakata yenyewe. Ikiwa haina, kerneli inakata kabla ya kuikabidhi. Sehemu nyingine zote za mfumo hazijui tofauti. Kompyuta ya bei rahisi yenye kadi isiyojua kukata chochote ikapata sehemu kubwa ya faida bila kununua kitu.

Hapo swali la kichwa cha makala haya lilipata jibu la kwanza: si muhimu sana nani akate, ilimradi akate mwishoni.

Jibu hilo linashikilia hata kule ambako kadi haiwezi kusaidia. Ofisi zikiunganishwa kwa VPN, pakiti ya ndani inafungwa ndani ya nyingine, na kadi nyingi hazioni kichwa cha ndani ili ziikate pakiti sawasawa. WireGuard, iliyoingizwa katika kerneli ya Linux mwaka 2020, hupokea bonge lote, inalikata yenyewe, kisha inasimba kipande kwa kipande. Mashine pepe zikikaa ndani ya seva moja hupeana mabonge ya kilobaiti 64 bila kukata kabisa, kwani hakuna waya kati yake. Kwa mtu anayeweka mifumo mitatu ya ofisi ndani ya seva moja, akiba hiyo ni kubwa kuliko ile ya kadi.

Upande wa kupokea una mkasa wake. Kwenye Linux iliwekwa kwanza mbinu iliyoitwa LRO, ya kuunganisha pakiti zinazoingia ziwe bonge moja kabla hazijapanda kwenye kerneli. Kwa seva inayopokea data yake ni sawa. Kwa ruta ni balaa, kwa sababu LRO ilikuwa inaunganisha ovyo na kutupa maelezo ya vichwa, na ruta ikitaka kuzituma pakiti mbele haiwezi kuzirudisha zilivyokuwa. Ndiyo maana kerneli ya Linux huizima LRO pindi unapoigeuza kompyuta kuwa ruta. Mwaka 2009 Xu akaleta GRO, inayounganisha kwa masharti makali kiasi kwamba bonge linaweza kukatwa tena vipande vile vile. Ruta inaunganisha zinapoingia, inafanya uamuzi mmoja, inakata zinapotoka. Wazo hilo linapendeza. Kwenye njia nyembamba, hata hivyo, ndipo tatizo linapoanzia.

Sasa tuje kisiwani. Hadi mwaka 2009 Tanzania yote ilitegemea satelaiti kwa intaneti ya nje, na satelaiti zile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu peke yake vilimaliza zaidi ya nusu sekunde. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Zanzibar nayo ikajenga mkongo wa serikali, leo chini ya wakala wa miundombinu ya TEHAMA, ZICTIA, wenye kufika Pemba. Njia hizi si za kudumu kama ardhi: tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja, na pwani nzima ya Afrika Mashariki ikaonja tena kasi ya zamani. Hata bila ajali, mkongo hauingii katika kila nyumba ya Konde au Kengeja. Mtu wa huko anapata data kupitia mnara, anagawana redio yake na majirani wote waliomo, na jioni kila mtu anapokaa na simu yake kasi inashuka.

Rudia hesabu ya gharama kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Ni pakiti 812 tu kila sekunde. Kwa mikrosekunde 2 kila moja, prosesa inatumia chini ya asilimia 0.2 ya muda wake. Kwa mawasiliano ya nje, basi, kompyuta ya Pemba haina kazi ya kupunguziwa. Eksirei yetu ya megabaiti 20 itachukua sekunde 16 kufika Unguja, TSO iwe imewashwa au imezimwa, na hakuna kadi duniani itakayozipunguza. Nimesikia watu wakishauriwa wanunue kadi ya bei kubwa ili intaneti iende mbio. Ni kupoteza fedha bure.

Ndani ya jengo hesabu ni nyingine. Hospitali yenye seva ya picha na waya wa gigabiti 1, shule yenye maktaba ya video kwenye seva ya ndani ili wanafunzi wasile bando, kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kule Mchanga Mdogo darasa zima linapofungua faili moja kwa wakati mmoja: hapo kuna makumi ya maelfu ya pakiti kila sekunde, na mara nyingi seva ni kompyuta ya zamani yenye prosesa dhaifu. Asilimia 16 za kiini kimoja si kidogo kwa mashine kama hiyo. Kwa hiyo ushauri wa kuzima TSO kila mahali, unaopitishwa na mafundi kama dawa ya kila ugonjwa, una gharama yake, nayo huangukia sehemu pekee ya mtandao wa kisiwani iliyo pana.

Madhara ya mabonge yapo kwenye shingo, pale mtandao wa ndani unapoingia kwenye njia ya nje. Bonge la kilobaiti 64 kwenye waya wa gigabiti 10 hupita kwa mikrosekunde 52, hakuna anayelihisi. Kwenye gigabiti 1 ni nusu ya milisekunde. Kwenye megabiti 10 ni milisekunde 52, na kwenye megabiti 2, kasi ambayo mtu wa kijijini huipata mnara ukilemewa, ni robo sekunde nzima. Simu ya sauti kwa intaneti hutuma pakiti kila baada ya milisekunde 20 hivi. Bonge moja likitangulia kwenye megabiti 2, pakiti kumi na mbili au kumi na tatu za sauti zinajipanga nyuma yake. Ni kama fuso lililojaa magunia ya karafuu kwenye njia ya mashamba isiyo na pa kupishana: pikipiki zote zilizo nyuma zitakwenda kwa mwendo wake, hata yenye mgonjwa.

Bonge lililokatwa na kadi hufika kwenye ruta likiwa pakiti 45 zinazofuatana bila nafasi kati yake. GRO ya ruta inaziona ni za mazungumzo yale yale, inaziunganisha tena, na foleni ya kutokea inazihesabu kuwa kitu kimoja. Mpangaji wa foleni anadhani ametoa pakiti moja kwa haki na sasa ni zamu ya mwingine, kumbe ametoa 45. Udanganyifu uliobuniwa kuipumzisha prosesa ya seva umefika mahali ambapo prosesa haikuchoka hata kidogo, na hapo unamnyima mtu anayezungumza na mwanawe Muscat zamu yake.

Kasoro hii haikupita bila kuonwa. Mwaka 2012 Linux 3.3 ilianza kuweka kikomo cha baiti zinazoruhusiwa kusubiri ndani ya kadi, ili foleni isijifiche mahali ambapo kerneli haiwezi kuigusa. Mwaka 2013 Eric Dumazet wa Google alibadilisha namna TCP ya Linux inavyoamua ukubwa wa bonge: badala ya kujaza kilobaiti 64 kila mara, bonge linakatwa liendane na kasi ya mazungumzo, takriban data ya milisekunde moja. Mazungumzo yanayokwenda kwa megabiti 10 hupata bonge la vipande viwili tu. Ni mabadiliko madogo kwa maandishi, lakini kwa mtu wa Micheweni anayepakua kitu kutoka seva ya Linux iliyoko Ulaya yamefanya kazi kubwa kuliko kadi zote alizowahi kuziona.

Lililobaki ni ruta yenyewe. Tangu 2011 kikundi kilichowakusanya Jim Gettys na Dave Täht kilipiga vita foleni ndefu za mtandao, na si ajabu Täht, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa amewahi kuishi na kuhangaika na mtandao wa redio huko Nicaragua. Wenye nyuzi za mwanga hadi sebuleni hawana haraka ya kuliona tatizo hili. Katika kazi zilizotokana na jitihada hizo kuna mpangaji foleni aitwaye CAKE, aliyeingia Linux 4.19 mwaka 2018. Kati ya mambo anayofanya bila kuombwa ni kulipasua bonge likifika kwake na kutoa vipande kimoja kimoja, akiingiza vya wengine katikati. Prosesa ya ruta inafanya kazi zaidi, ndiyo, lakini tumeshaona kwamba kwa megabiti 10 kazi hiyo haifiki hata asilimia moja. CAKE inapatikana kwenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na watengenezaji wa ruta MikroTik waliiweka kwenye mfumo wao, RouterOS 7. Sharti lake moja ni uiambie kasi halisi ya njia yako, kidogo chini ya unayopata, ili foleni ijengeke kwako na siyo kwenye mnara usiouongoza. Kwa njia ya redio inayopanda na kushuka hilo ni gumu, na hapa CAKE haina muujiza.

Fundi anayetafuta hitilafu ana mitego mingine ya kujihadhari nayo. Akifungua tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, kwenye seva anaweza kuona pakiti ya baiti 29,000 kwenye mtandao ambao kikomo chake ni 1,500, akadhani vipimo vya swichi vimeharibika. Havijaharibika, tcpdump inachungulia kabla kadi haijakata. Kwa sababu hiyo hiyo ataona pakiti zinazotoka zina hesabu ya kukagua isiyo sahihi, kwani bado haijakokotolewa. Anayetaka ukweli wa waya anakili kutoka kwenye swichi, au anazima mambo hayo kwa amri ya ethtool kwa dakika za uchunguzi, kisha anayarudisha. Kuyarudisha ndiko kunakosahaulika.

Ipo pia siku ambayo kadi ndiyo mkosaji. Baadhi ya kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zimejulikana kuganda zikiwa chini ya mzigo, na kuzima TSO kukawa ndio ufumbuzi wa muda. Kwa baadhi ya chipu za Realtek, ambazo hujaa kwenye kompyuta za bei nafuu, waandishi wa draiva ya Linux waliona bora TSO isiwashwe yenyewe. Hoja ya kuiamini kadi ina historia ndefu zaidi. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge walionyesha kwamba kati ya pakiti 1 kwa kila 1,100 na 1 kwa kila 32,000, kwenye mitandao waliyoipima, ilishindwa ukaguzi wa TCP ingawa ukaguzi wa waya ulikuwa umeipitisha. Makosa mengine yalizaliwa ndani ya mashine na ruta zenyewe. Ukiipa kadi kazi ya kuweka hesabu ya ukaguzi, data iliyoharibika kati ya kumbukumbu na kadi itawekewa muhuri wa usahihi. Kwa picha ya eksirei ningependa programu yenyewe iwe na ukaguzi wake mwisho hadi mwisho, na nyingi za leo zinao kwa njia ya usimbaji.

Kuhusu mambo mapya sitachelewa sana. Sehemu kubwa ya trafiki ya simu sasa haipiti TCP. Inapita QUIC, iliyowekwa rasmi kuwa kiwango mwaka 2021 na ambayo hupanda juu ya UDP. Kwa UDP hapakuwa na wa kukata, hadi Willem de Bruijn alipoongeza mbinu ya aina hiyo kwenye Linux 4.18 mwaka 2018. Faida inakwenda kwa wenye seva za video, si kwa mtazamaji wa Wete. Mwaka 2022 kikomo cha kilobaiti 64 chenyewe kilivunjwa kwa IPv6, na mwaka uliofuata kwa IPv4, kwa ajili ya waya za gigabiti 100 na kuendelea, ambako pakiti ya kawaida ina nanosekunde 123 tu za kuhudumiwa. Kampuni kubwa za kompyuta za kukodi nazo zimerudi kwa nguvu kwenye kadi zenye akili, zikiwa na prosesa ndani yake, kama Nitro ya Amazon. Kilichobadilika tangu Alacritech ni kwamba anayenunua kadi ndiye anayeandika programu yake. Hilo linawezekana kwa Amazon. Idara ya TEHAMA yenye watu watatu Gombani haiwezi kulibeba.

Kwa idara kama hiyo ningesema hivi. Seva za ndani ziachiwe TSO na GSO kama zilivyokuja, mpaka kadi ioneshe dalili za kuganda. Ruta ya mlangoni isiwe na LRO, na iwe na mpangaji foleni anayepasua mabonge. Mabadiliko yoyote yapimwe kwa kuangalia ucheleweshaji mtu mmoja akiwa anapakia faili kubwa na mwingine akiwa kwenye simu, kwa kuwa kipimo cha kasi ya kupakua peke yake hakitaonyesha tofauti yoyote. Na zabuni ya vifaa ijayo iandikwe upya. Zilizozoeleka hutaja idadi ya milango, gigabiti na urefu wa waranti. Mstari unaouliza ruta itaipanga vipi foleni ya megabiti 10 hauna gharama ya ziada, lakini bila mstari huo muuzaji ataleta kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya njia ambayo Pemba haina.